Mzee ni Shahidi wa Kila Mtu: Sheria, Uzee na Mawakili Itebero

Mahakama ikimwita mzee wa Itebero, mara nyingi humwita kama shahidi. Anaulizwa mpaka wa shamba la fulani ulipita wapi, nani alimpa nani ule msitu wa ng'ambo ya mto, mahari ya binti fulani ilimalizwa au ilibaki. Anajibu, karani anaandika, naye anarudi nyumbani kwa miguu. Siku akiwa na shauri lake mwenyewe, shamba lake likiwa limeuzwa na mwana wa nduguye au yeye akiwa amefukuzwa kijijini kwa kuitwa mchawi, sheria ile ile iliyotegemea kumbukumbu yake inamdai karatasi ambayo hakuwahi kuwa nayo. Kuanzia hapo ndipo kazi ya wakili wa wazee inapopaswa kupimwa: je, kumbukumbu ya mzee itageuzwa ushahidi unaomlinda yeye kabla hajafa, au itaendelea kuwalinda wengine tu?

Itebero iko katika sekta ya Bakano, territuari ya Walikale, mkoa wa Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye barabara ya taifa namba 3 itokayo Bukavu, ikapita Hombo, ikaelekea Walikale-centre na Lubutu hadi Kisangani. Mvua ikinyesha barabara hiyo ni matope yanayomeza malori. Wazee wanaoishi kando yake walizaliwa wakati wa Wabelgiji au miaka ya kwanza ya uhuru. Wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho chao, na tarehe iliyomo ni ya kukisia. Ndoa zao zilifungwa mbele ya familia mbili, kwa mbuzi na mashahidi. Mashamba waliyapata kwa baba au kwa mwami, chifu wa kimila. Hakuna kilichokuwa haramu katika hayo yote, ila hakuna kilichoandikwa.

Nianze na udongo, kwa sababu mashauri karibu yote ya wazee huishia hapo, hata yale yaliyoanza kwa jina jingine. Sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973 ilitamka katika kifungu cha 53 kwamba ardhi yote ni mali ya serikali, haiuzwi na haipotei kwa kupita muda. Kifungu cha 387 kikafanya ardhi zinazokaliwa na jamii za wenyeji ziwe za serikali tangu siku hiyo. Kifungu cha 388 kikakiri kuwa ardhi hizo ndizo wanazoishi, wanazolima na wanazotumia kwa mila zao. Kisha kifungu cha 389 kikaahidi kwamba haki zilizopatikana juu yake zingepangwa kwa amri ya Rais wa Jamhuri. Amri hiyo ilisubiriwa zaidi ya miaka 40 bila kuonekana. Kijana aliyekuwa na miaka 25 sheria ilipotoka alizeeka akiingoja.

Shamba la mzee, basi, limekaa katikati. Si lake kikamilifu, kwa kuwa udongo ni wa serikali. Wala serikali haiwezi kuligawa kama pori tupu, kwa kuwa sheria yenyewe inamtambua aliyemo, na kifungu cha 34 cha katiba ya 2006 kinataja kwa uwazi mali iliyopatikana kwa sheria au kwa mila. Kilichokosekana ni njia ya kuithibitisha haki hiyo. Pengo hilo huingiwa na mwenye pesa na mwenye kujua njia za ofisi ya ardhi. Akishapata hati ya usajili, na miaka 2 ikapita bila mtu kuipinga, haki yake karibu haivunjiki tena. Miaka 2 ni muda mfupi mno kwa mtu asiyejua kuwa shamba lake limeandikwa jina la mwingine katika ofisi iliyo mbali.

Hata hivyo sheria hiyo hiyo ina mlango ambao mawakili hawautumii vya kutosha. Kabla ardhi ya mashambani haijatolewa kwa mwombaji, lazima ufanyike uchunguzi: ardhi ipimwe, watu waliomo wahesabiwe, vilivyomo viorodheshwe, na wanaodai haki wasikilizwe hata wakidai kwa mdomo. Hapa sheria ya Kongo inakubali neno la mzee bila karatasi. Tatizo ni kwamba uchunguzi huo mara nyingi hufanywa mezani, au anayesikilizwa ni mtu mmoja aliyepewa kitu. Wakili anayefika baadaye akaonyesha kwamba mzee mwenye makaburi ya wazazi wake, michikichi yake na migomba yake ndani ya eneo hilo hakuulizwa lolote, ameshika hoja nzito kuliko mwenzake anayehubiri haki za kimila kwa ujumla.

Walikale ina sababu nyingi za kugombaniwa: kasiterite, dhahabu, mbao, na hifadhi. Mbuga ya Kahuzi-Biega ilianzishwa 1970. Mwaka 1975 ikapanuliwa hadi hekta 600,000 hivi, ikashuka kutoka milimani hadi misitu ya chini, pamoja na ile ya Walikale. Wanaokumbuka vijiji vilikuwa wapi kabla ya upanuzi huo sasa wana miaka 65 na kuendelea. Kila msimu tunapoteza baadhi yao, na pamoja nao majina ya mito midogo ambayo ndiyo iliyokuwa mipaka.

Vita navyo vimeongeza hoja nyingine mbaya: kwamba shamba lililoachwa ni shamba lisilo na mtu. Tangu mauaji ya soko la Ntoto, Machi 1993, watu wa Walikale na Masisi wamekimbia na kurudi mara nyingi kupita hesabu. Mei 2009 kijiji cha Busurungi, kusini mwa territuari, kilichomwa na watu wake kuuawa. Mzee anayekimbia mgongoni mwa mjukuu harudi haraka kama kijana. Akirudi anakuta mtu mwingine analima, naye ana barua ya chifu mpya. Kukimbia risasi si kuacha haki yake, na wakili anapaswa kulisema hilo kila mara.

Kuna mahali kumbukumbu imegeuzwa karatasi kwa mafanikio. Dekri namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii ya wenyeji kupewa msitu wake, hadi hekta 50,000, bure na bila kikomo cha muda, na Walikale ni kati ya maeneo yaliyoichangamkia mapema. Ramani za maombi hayo huchorwa kwa kutembea na wazee msituni, mmoja akionyesha mti wa mpaka, mwingine kijiji cha zamani. Naiheshimu kazi hiyo. Ila haki inayopatikana ni ya jamii nzima. Haimkingi mzee mmoja dhidi ya mpwa wake. Na kamati ya msitu ikishaundwa, wanaoshika kalamu ni vijana waliosoma, na mzee aliyeonyesha mipaka yote anaitwa kutia kidole tu. Kwa Wambuti na Watwa hatari ni kubwa zaidi. Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 imetambua haki za watu wa asili Mbilikimo, lakini wazee wao ndio wenye karatasi chache kuliko wote, na majirani wamezoea kuwasemea.

Upande wa familia, sheria ni nzuri kuliko sifa yake. Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa Julai 2016, inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya urithi, wa kike sawa na wa kiume. Robo inayobaki ni ya kundi la pili: mjane au mgane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Mjane, zaidi ya hilo, ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe, kutumia vyombo vyake, na kufaidi nusu ya mazao ya shamba lililoshikana na nyumba hiyo. Ndugu wa mume wanaokuja siku chache baada ya matanga, wakafungasha mabati na kumwambia mama arudi kwao, wanavunja sheria iliyoandikwa waziwazi.

Wanajua pia kwamba mama huyo hana cheti cha ndoa. Ndoa ya kimila inakubaliwa, lakini ilipaswa kuandikishwa, na hakuna aliyeiandikisha. Kwa hiyo shauri la nyumba linageuka shauri la ndoa: je, mahari ilitolewa, nani alishuhudia, mashenga wako wapi? Mashenga wamekufa. Bibi wa miaka 70 anaanza kuthibitisha kwamba alikuwa mke wa mtu aliyezaa naye watoto 8. Aliyeolewa mke wa pili yuko pabaya zaidi, kwa sababu sheria haitambui mitala hata kidogo. Yeye hana sehemu kama mjane, na tegemeo lake lote ni watoto wake, iwapo baba yao aliwatambua akiwa hai. Wakili anayejua kazi yake hatapoteza miezi akitetea ndoa ya pili. Atajenga shauri juu ya watoto, kisha atadai kwa watoto hao matunzo ya mama yao. Kanuni ya Familia inawapa wana wajibu wa kuwalisha wazazi walio katika shida. Wajibu huo ni wa kisheria kabisa, unadaiwa mahakamani, japo sijui mzazi mwenye moyo mwepesi wa kumpeleka mwanawe mbele ya hakimu. Hapo barua moja ya wakili, isomwe mbele ya familia, huweza kufanya kazi kuliko hukumu.

Wosia nao unawezekana kwa asiyesoma. Unaweza kufanywa mbele ya notere au ofisa wa hali ya raia, na anayekaribia kufa anaweza kuusema kwa mdomo mbele ya mashahidi. Lakini wazee wengi huogopa kwamba kuandika wosia ni kuita kifo, au ni kuwaonyesha wana nani amependwa. Hofu ya pili ina msingi. Wosia unaovuja unaweza kumweka mzee hatarini ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Hapa nafika kwenye swali ninaloliona zito kuliko yote kwa mawakili: mteja ni nani? Karibu kila mara mzee huletwa. Anayemleta ndiye aliyelipa pikipiki, ndiye atakayelipa malipo ya wakili, ndiye anayeongea Kifaransa. Mzee anaongea Kikano au Kinyanga, na Kiswahili kwa kiasi, mwana anatafsiri. Wakili anasikia maneno ya mzee kupitia kinywa cha mwana, kisha anaandaa hati ya uwakala inayompa mwana huyo madaraka ya kuuza. Mzee anatia kidole. Kila kitu kimefuata utaratibu, na mzee amenyang'anywa shamba ndani ya ofisi ya mtu aliyeapa kumtetea.

Dawa yake haihitaji sheria mpya. Wakili amwombe aliyemleta mzee atoke nje. Atafute mkalimani asiye na sehemu katika mali hiyo, awe katekista, mwalimu au muuguzi. Amwombe mzee aeleze kwa maneno yake anachotaka, kisha arudi siku nyingine amuulize tena, kwa sababu uchovu na woga huonekana siku ya pili. Hati isomwe kwa lugha ya mzee kabla ya kidole, na iandikwe ndani yake kwamba ilisomwa na nani. Na mzee akiwa kweli amepoteza fahamu zake, sheria ina njia: mahakama humwekea mlezi au msaidizi wa kisheria, na mlezi huyo hutoa hesabu. Kwa kawaida familia hairidhii kwenda huko. Mkubwa wa wana hutangaza tu kwamba baba hana akili tena, na kuanzia siku hiyo maneno ya baba hayahesabiki. Wakili asikubali tangazo la namna hiyo. Mzee anaweza kusahau jina la mjukuu na bado akajua vizuri kabisa kwamba hataki shamba liuzwe.

Tuhuma za uchawi zinastahili kutazamwa kwa jicho hili hili la mali. Septemba 2021, Kivu Kusini, wanawake 8 waliotuhumiwa uchawi waliuawa, wakiwamo wazee waliochomwa moto Kalehe, territuari inayopakana na Walikale pale Hombo. Vijijini walikuwapo wanawake wa maombi, waliojulikana kama bajakazi, waliodai kuwatambua wachawi. Kenya, katika kaunti ya Kilifi, wanaolengwa mara nyingi ni wanaume wenye mvi, na wanaowalenga ni wana na wapwa wanaotaka kugawana shamba. Kule Ganze kimekuwapo kituo cha kuwahifadhi, Kaya Godoma. Ukikaa na mashauri hayo unaona mpangilio ule ule: mtu wa kwanza kufaidi kifo au kuhama kwa mzee ndiye mara nyingi aliyekuwa wa kwanza kutaja jina lake.

Sheria ya Kongo hapa ina pengo linaloumiza. Kifungu cha 41 cha katiba kinakataza kumtuhumu mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu tuhuma yenyewe. Kwa mzee hakuna maneno kama hayo. Kifungu cha 49 kinamwahidi hatua maalum za ulinzi, yeye pamoja na mwenye ulemavu. Kwa wenye ulemavu sheria yao ya kina ilikuja Mei 2022. Wakili wa mzee bado anaokoteza silaha kwenye sheria ya jinai ya 1940. Zipo, tena si chache. Kifungu cha 57 kinaadhibu kumtesa mtu kwa majaribio ya kishirikina ili kumpata mwenye hatia. Kifungu cha 74 kinaadhibu kumsingizia mtu jambo la kumvunjia heshima. Kuchoma nyumba na kuua kuna vifungu vyake. Kosa ambalo mashauri haya hufa nalo ni kungoja damu. Tuhuma ikisemwa kanisani au barazani, hapo hapo ichukuliwe kama kosa, jina la msemaji liandikwe, na hali ya shamba la mtuhumiwa iandikwe pembeni yake.

Pensheni nitaipita kwa haraka, kwa kuwa inawagusa wachache: walimu, wauguzi, makarani, na waliokuwa wafanyakazi wa makampuni ya madini kama SOMINKI, ambayo ilizikwa miaka ya 1990 na kuwaacha wengi wakidai malipo yao. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 imeweka umri wa kustaafu kuwa miaka 60, kwa sharti la miezi 180 ya michango. Aliyefanya kazi miaka 20 kwa mwajiri ambaye hakupeleka michango hapati kitu, na kuthibitisha dai dhidi ya mwajiri aliyekwisha kufilisika ni kazi ngumu. Mkulima wa Itebero, ambaye ndiye mzee wa kawaida, hayumo kabisa. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumpa kila mwenye miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au la. Kiasi hicho cha mwanzo kilikuwa kidogo, lakini mzee mwenye kipato chake hashurutishwi kirahisi kutia kidole.

Na mawakili wako wapi? Baraza la mawakili la Kivu Kaskazini limekuwa na makao yake Goma. Sheria ya tarehe 28 Septemba 1979 inalitaka baraza liwe na ofisi ya ushauri na utetezi kwa wasio na uwezo, na mzee mwenye cheti cha ufukara anaweza kupangiwa wakili bure. Bure huko hakujumuishi safari. Kutoka Itebero, Bukavu hufikika kirahisi kuliko Goma, lakini Bukavu ni mkoa mwingine na mashauri ya Walikale hayaendi huko. Mei 2021 hali ya dharura iliyapeleka mashauri ya jinai kwa mahakama za kijeshi. Januari 2025 waasi wa M23 waliteka Goma, mahakama na benki zikasimama. Machi mwaka huo Walikale-centre nayo ilitekwa, ikaachwa mwanzoni mwa Aprili. Mzee aliyekuwa na jalada Goma hakujua tena liko mikononi mwa nani.

Kwa hiyo tusijidanganye kwamba wakili mwenye joho ndiye atakayefika kwanza. Atakayefika ni msaidizi wa kisheria, yule kijana wa parokia au mama wa chama cha wanawake aliyefunzwa misingi. Tanzania imewatambua watu hao kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Katika Kivu mashirika kama Dynamique des Femmes Juristes yamefanya kazi nao miaka mingi, kwa fedha za miradi inayoisha. Na wapo mwami na kapita wa kijiji, ambao usuluhishi wao ni wa haraka na wa bei nafuu, lakini nao huwa na ndugu, wanunuzi na shinikizo la wenye bunduki. Sheria ya mahakama ya Aprili 2013 imeweka jambo la busara: mahakama ya amani ikitumia mila, hakimu hukaa pamoja na watu wenye heshima wanaoijua mila hiyo. Ningependa mawakili wadai kwamba mmoja wao awe mwanamke mzima, hasa penye shauri la mjane.

Afrika nayo imeandika. Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wazee, iliyopitishwa Januari 2016, ilianza kutumika tarehe 4 Novemba 2024 baada ya nchi 15 kuiridhia. Inataka mila zenye madhara dhidi ya wazee, zikiwamo tuhuma za uchawi, zipigwe marufuku na kuwa kosa la jinai, na wazee wapate msaada wa kisheria. Kifungu cha 215 cha katiba ya Kongo kinaupa mkataba ulioridhiwa na kuchapishwa nguvu iliyo juu ya sheria za kawaida. Itifaki hiyo, ikiridhiwa na kuchapishwa Kongo, ndiyo njia fupi kuliko zote ya kuziba lile pengo la tuhuma za uchawi, na wabunge wa Walikale na Masisi wanapaswa kuibeba.

Wakati hayo yakingojewa, ipo kazi ya kufanya wiki hii. Msaidizi wa kisheria akae na kila mzee aliye tayari, aandike: shamba liko wapi, linapakana na nani pande zote, lilitoka kwa nani, nani alikuwapo, lina makaburi ya nani, nani analitumia sasa na kwa ruhusa ya aina gani; mke ni nani, mahari ilitolewa nini, watoto ni akina nani. Majirani wa mipaka waitwe na wao watie kidole, kwa sababu jirani aliyekubali mpaka mbele ya mzee hai hataubadilisha kirahisi mbele ya watoto. Mzee ashike nakala moja, ofisi ya sekta ishike nyingine, na picha ya kila ukurasa itumwe kwa wakili aliye nje ya Walikale, kwa kuwa ofisi za huku huungua pamoja na majalada yake.